Kuanza na kitabu cha saba: kuzisoma riwaya za mapenzi za enzi za ngome

Vitabu vya aina hii havitufikii kwa mpangilio. Rafu za nyumba za wageni Mji Mkongwe na Nungwi hazikosi riwaya za mapenzi za enzi za ngome, yaani Ulaya ya karne za kati, zilizoachwa na watalii, na mgeni huacha kile alichokimaliza, hajui wewe unatafuta kipi. Kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba huanza na kitabu cha saba katika mfululizo wa vitabu kumi na kitu. Cha kwanza hajui kilipo, na cha nane huenda asikione maisha. Wengi hukiweka chini kabla ya ukurasa wa hamsini: majina ni mengi, kila mtu anajuana na kila mtu, na kuna jamaa mwenye kovu shavuni anayetajwa kana kwamba sote tulihudhuria harusi yake. Harusi hiyo ilikuwa kitabu cha nne.

Kitabu cha saba kinasomeka, tena kwa raha kubwa, ukishajua kwamba katika riwaya hizi mapenzi yanakwenda na sheria ya ardhi na ndoa ya wakati ule. Nani anarithi, nani ana amri ya kumwoza nani, nani ana haki ya kukataa. Msomaji aliyekulia kwetu anayo sheria yake kichwani, ya mirathi, mahari, eda na talaka, na huisoma hadithi kwa sheria hiyo bila kujitambua. Hapo ndipo mambo yanapomchanganya, wala si kwenye wingi wa majina.

Tuanze na urefu wenyewe wa mfululizo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni mpelelezi yule yule kila kitabu. Kinachobadilika ni kesi. Hapa kila kitabu kina wapenzi wake wapya, na kinachobaki ni ukoo, au kundi la masahibu waliopigana vita pamoja. Sababu iko kwenye mirathi. Uingereza, baada ya Wanormani, mabwana wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka mwaka 1066, ardhi ya mabwana ilizidi kwenda yote kwa mwana wa kiume wa kwanza. Kwetu kila mtoto ana fungu lake, wa kiume mafungu mawili kwa moja la dada yake. Kule mwana wa pili alitoka na farasi, deraya (vazi la chuma la vita) na dua za mama. Njia zake zilikuwa tatu: kuuza upanga wake kwa bwana mwingine, kuingia kanisani, au kuoa mwanamke mwenye ardhi. Na mwanamke mwenye ardhi alipatikana pale baba alipokufa bila mtoto wa kiume, maana hapo mabinti waligawana sawa kwa sawa.

Chukua sasa ukoo wa ndugu watano wa kiume. Mmoja ana ngome, wanne wanatafuta pa kukaa: vitabu vitano hivyo tayari. Ongeza dada wawili, sahibu mmoja aliyeokolewa vitani na mwana mmoja wa nje ya ndoa, umefika tisa. Mwana wa nje ya ndoa naye ana uzito wake. Kanisa lilikubali kuwa wazazi wakija kuoana baadaye, mtoto anahalalika. Lakini mabwana wa Uingereza walipokutana Merton mwaka 1236 walilikataa hilo kwa upande wa mirathi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa hakuweza kurithi ardhi ya baba hata kama wazazi walifunga ndoa wiki iliyofuata. Ukikutana naye kitabu cha saba akiwa mkali, mwenye kiburi na asiyetaka kuoa, usimwone mwandishi amezidisha.

Basi jambo la kwanza ukifungua kitabu cha katikati ni kujua shujaa wako ni mtoto wa ngapi. Mara nyingi jawabu limo ndani ya sura tatu za mwanzo. Ukilipata, umeshajua anatafuta nini, na kwa nini kaka yake mkubwa anaitwa kwa jina la ngome na yeye kwa jina lake tu.

La pili ni kujua bibi, yaani mwanamke anayependwa katika hadithi, yuko chini ya amri ya nani. Bwana aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme akifa na kuacha mtoto mdogo, mtoto na ardhi vilikuwa mikononi mwa mfalme, na mfalme aliweza kuuuza usimamizi huo, pamoja na haki ya kumwoza yatima, kwa atakayelipa. Mama hakuwa na kauli. Kwa msomaji wetu, aliyezoea walii kuwa baba, babu, ndugu wa kiume au ami, ni vigumu kuamini kwamba mtu baki kabisa alinunua uwalii kama anavyonunua shamba. Mwaka 1185 maofisa wa Mfalme Henry wa Pili walipita katika kaunti kadhaa wakiandika wajane na mayatima waliokuwa mikononi mwa mfalme: umri wao, watoto wao, ardhi yao ina thamani gani, ina ng'ombe na kondoo wangapi. Sura ya mwanzo ambayo shujaa anafika getini na barua ya mfalme, bibi hajawahi kumwona, na watumishi wanazihesabu farasi zake, imetoka kwenye daftari kama lile.

Mjane naye ana hesabu zake. Hati Kuu (Magna Carta) aliyoitia muhuri Mfalme John wa Uingereza mwaka 1215 ilisema mjane apewe haki yake bila kucheleweshwa wala kutozwa, akae katika nyumba ya marehemu siku 40 mpaka atengewe fungu lake, na asilazimishwe kuolewa maadamu anataka kubaki bila mume. Ila akitaka kuolewa, apate ridhaa ya bwana wake. Angalia basi mwaka wa hadithi. Ikiwa ni kabla ya 1215, mjane anayelipa fedha nyingi ili aachwe asiolewe anafanya jambo la kawaida kabisa, maana wajane walikuwa wakiinunua haki hiyo kwa mfalme. Na zile siku 40 usizisome kama eda. Eda yetu, miezi minne na siku kumi, inamhusu mwanamke mwenyewe. Siku 40 zile zilihusu nyumba na ardhi, na mwandishi mzuri huzitumia kama saa inayokimbia.

Mali ya harusi inakwenda kinyume na kwetu. Hapa bwana harusi hutoa mahari, akaongeza kilemba cha baba na mkaja wa mama. Kule baba wa bibi ndiye aliyetoa ardhi au fedha kwenda naye kwa mume, na binti asiyekuwa na kitu alikosa mchumba hata awe mzuri vipi. Lakini mume pia alikuwa na deni lake. Ndoa ilifungiwa mlangoni mwa kanisa, nje, mbele ya watu, na pale pale mume alimtajia mke fungu atakalolipata yeye akitangulia kufa, kwa kawaida theluthi ya ardhi yake kwa maisha ya mke. Linafanana kidogo na mahari ya kuakhirishwa. Katika riwaya zilizoandikwa kwa uangalifu tukio hili la mlangoni ni zito kuliko busu lolote: umati umenyamaza, bwana anataja mashamba kwa majina, na bibi anasikia kwa mara ya kwanza anamthamini kiasi gani. Ukilipita haraka ukitafuta maneno matamu, umekipita kilele.

Sasa ndoa yenyewe, ambayo ndiyo inayozaa visa vingi kuliko vyote. Tangu zama za Papa Alexander wa Tatu, aliyeshika cheo mwaka 1159 hadi 1181, msimamo wa Kanisa ulikuwa kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili. Mwanamume akisema "nakuchukua kuwa mke wangu" na mwanamke akajibu vivyo hivyo, ndoa imesihi. Bila walii, bila mashahidi, bila padri, hata shambani chini ya mti. Kanisa liliichukia ndoa ya siri na kuiadhibu, na mwaka 1215 mkutano mkuu wa Kanisa uliofanyika Laterani, Roma, uliamuru ndoa zitangazwe kwanza kanisani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Lakini ndoa ya siri ilibaki kuwa ndoa. Sisi tuliozoea walii na mashahidi wawili tunaposoma bibi anasema "mimi ni mke wa mtu" na hapana aliyeiona harusi, tunadhani anajitetea kwa uongo. Kwa sheria yao huenda anasema kweli tupu, na kesi nzima inasimama juu ya neno lake na la mwanamume ambaye sasa anaikana. Angalia sana wakati uliotumika katika maneno yao. "Nakuchukua" ni ndoa papo hapo. "Nitakuchukua" ni ahadi tu, ila ikifuatiwa na kulala pamoja inageuka ndoa. Mwandishi hodari huificha tofauti hiyo katika sentensi moja ya sura ya pili na kuja kuidai sura ya ishirini.

Talaka hakuna. Mume hawezi kumwacha mke, mke hawezi kudai khului, na mke wa pili haruhusiwi. Mlango pekee ni Kanisa kutamka kwamba ndoa haikuwa ndoa tangu mwanzo. Ni kama faskhi kwa mbali, ila sababu ni nyingine, na iliyotumika sana na wakubwa ni ujamaa wa damu. Kwetu kuoa mtoto wa ami au wa mjomba ni jambo la kheri. Kule, kabla ya 1215, ilikatazwa mpaka daraja la saba la ujamaa. Mkutano ule ukapunguza hadi la nne, maana yake watu wenye babu wa babu mmoja bado hawakuoana bila ruhusa. Ujamaa wa ubatizo nao ulizuia. Koo za mabwana zilikuwa zimeoana kiasi kwamba karibu kila ndoa ingeweza kupatikana na kasoro, mtu akiitafuta. Eleanor wa Aquitaine alitenganishwa na Mfalme Louis wa Saba wa Ufaransa mwezi Machi 1152 kwa hoja hiyo, baada ya miaka karibu kumi na mitano na mabinti wawili. Mei mwaka huo huo akaolewa na Henry, aliyekuja kuwa Henry wa Pili wa Uingereza, ambaye naye walikuwa jamaa. Kwa hiyo katika riwaya anapoingia mzee mmoja na kuanza kutaja nasaba ya watu polepole, usidhani mwandishi anajaza kurasa. Mzee yule ameshika kisu.

Kuhusu majina, karatasi moja inatosha. Ichore safu tatu: jina la ubatizo, ngome au cheo, na kitabu alichofungia ndoa. Safu ya kati ndiyo inayookoa, kwa sababu mtu mmoja huitwa kwa jina na mkewe, kwa ngome na maadui na kwa cheo mbele ya mfalme, na akifa cheo hicho hicho kinahamia kwa mwanawe. Bwana wa ngome katika kitabu cha tatu na bwana wa ngome hiyo hiyo katika kitabu cha saba wanaweza kuwa baba na mwana. Majina yenyewe yalikuwa machache mno. Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alikuwa na mke Matilda, binti Matilda, na Stephen, mpwa aliyenyakua kiti baada yake, naye mkewe akiitwa Matilda. Waandishi hawana hila, historia iliwapa hivyo.

Vita vya Stephen na Matilda binti Henry ndivyo uwanja unaopendwa sana na riwaya hizi. Henry alifariki mwaka 1135, mabwana waliokuwa wamekula kiapo kumtambua binti yake wakamwacha. Matilda alivuka bahari mwaka 1139. Stephen alitekwa Lincoln mwaka 1141 kisha akabadilishwa na mateka mwingine. Desemba 1142 Matilda, akiwa amezingirwa Oxford, alitoroka usiku juu ya theluji amevaa nguo nyeupe. Mapatano yalikuja mwaka 1153 na mwaka uliofuata mwana wa Matilda, yule Henry wa Pili, akawa mfalme. Kwa miaka 19 kila ngome ilibidi ichague upande, na bibi wa ngome moja akampenda bwana wa upande wa pili. Kwa kulinganisha na kwetu, maandishi ya mihirabuni katika msikiti wa Kizimkazi ni ya mwaka 1107, yaani siku za Henry wa Kwanza. Ukiiweka tarehe hiyo kichwani, enzi hizi hazikai tena mbali kama ngano.

Mpangilio wa kusoma, mambo machache. Ukurasa wa mbele wenye orodha ya vitabu mara nyingi hufuata mwaka wa kuchapishwa, na mwaka wa hadithi unaweza kuwa mwingine: kitabu cha sita kikaeleza ujana wa baba wa kitabu cha kwanza. Fuata mwaka wa kuchapishwa, kwa sababu mwandishi hufichua siri zake kwa mpangilio huo. Hadithi fupi zenye namba kama 2.5 zinaweza kusubiri. Maelezo ya mwandishi yaliyo mwishoni yasomwe mwishoni. Humo ndimo anamosema nani alikuwepo kweli na nani amebuniwa, na baadhi yao hutaja wazi mtu fulani wa historia alivyokufa. Riwaya nyingi zina pia sura za chumbani zilizo wazi mno. Asiyezitaka azivuke, ila arudi kwenye ukurasa wa mwisho wa sura, kwa sababu baada ya mapenzi ndipo watu wa riwaya wanapoungama siri.

Kitu kimoja hutenganisha mwandishi aliyesoma na aliyebahatisha, nacho ni vitu vya mkononi. Fedha kwanza. Pauni ilikuwa shilingi 20, shilingi peni 12, na marki peni 160. Lakini katika karne ya 12 sarafu iliyochapwa Uingereza ilikuwa karibu peni ya fedha peke yake. Pauni, shilingi na marki zilikuwa za kuhesabia. Marki 100 ni peni 16,000, na kila peni ina takriban gramu 1.4. Kwa hiyo fidia ya marki 100 ni zaidi ya kilo 22 za fedha. Shujaa anayeitoa mfukoni chini ya joho na kuitupa mezani hajaandikwa na mtu aliyekaa akapiga hesabu. Anayeileta ndani ya mapipa madogo juu ya nyumbu, na walinzi, huyo mwamini.

Deraya nayo ina wakati wake. Ya karne ya 12 ni ya vikuku vya chuma vilivyoshonana, kilo kumi hadi kumi na tano, na uzito wote huning'inia mabegani mpaka uvae mshipi wa kuukaza kiunoni. Mabamba ya chuma ya mwili mzima ni ya karne ya 15, na hata hayo mtu alipanda farasi mwenyewe. Ukiona winchi ya kumpandisha, cheka upite. Nguo za kike: mke wa mtu alifunika nywele kwa kitambaa, jambo ambalo msomaji wa kwetu halihitaji kuelezwa, na nywele zikiachwa wazi ni dalili ya mwari. Gauni la mwanamke mkubwa lilifungwa kwa kamba ubavuni, kwa hiyo alihitaji mjakazi. Hakuna viazi, nyanya, mahindi, pilipili hoho wala tumbaku, vyote hivyo vilitoka mabara ya Amerika baada ya 1492. Mezani sahani ilikuwa kipande kinene cha mkate wa jana, kikanywa mchuzi, na mwisho wa karamu wakapewa maskini.

Na karafuu. Hapa msomaji wa Pemba ana elimu ambayo hata mhariri wa London hana. Karafuu zimo katika riwaya hizi kwa haki: zilitiwa kwenye mvinyo uliochemshwa na mdalasini, tangawizi na asali au sukari, ukachujwa kwa mfuko wa kitambaa. Lakini zilitoka visiwa vya Maluku, zikapita Bahari ya Hindi hadi Misri, kisha kwa wafanyabiashara wa Venisi na wenzao, na zilipofika Uingereza bei yake ilikuwa ya kutisha. Visiwani kwetu mikarafuu ilipandwa karne ya 19, na ikaenea siku za Sayyid Said. Riwaya ya mwaka 1200 inayosema karafuu za Zanzibar imekosea kwa miaka 600. Tazama pia zinavyoshikwa. Sisi tunaopima kwa pishi na gunia, tunaozianika uani juu ya majamvi mpaka njia nzima inanukia, tusishangae bibi wa ngome akizihesabu moja moja kutoka kasha lenye kufuli na kurudisha ufunguo kiunoni. Ufunguo ule ndio madaraka yake. Katika sura ambayo mama mkwe anakataa kuutoa, ndoa bado haijaanza, hata kama wamekwisha kulala chumba kimoja.

Raha ya kitabu cha saba hasa iko kwa wale walio pembeni. Mume na mke wa kitabu cha pili wanapita ukumbini, yeye amenenepa kidogo, mtoto kambeba begani, na wanagombana juu ya kondoo. Kitabu chenyewe cha pili kiliishia kwenye busu. Hapa ndipo unapoona kilichofuata. Mwandishi mwema huwapa nusu ukurasa na kuwaacha. Mwandishi anayewaleta wote kumi na wawili kwenye karamu moja ili wasomaji wa zamani wafurahi anakiua kitabu, na ukiona orodha hiyo inaanza, soma mazungumzo tu mpaka itulie.

Ukimaliza, usikimbilie cha nane hata ukikipata. Ukisoma vinne mfululizo utaanza kuona mifupa: wanagombana sura ya tano, wanapatana ya kumi na mbili, mtekaji anakuja ya kumi na nane, na utamu unakwisha pasi na kosa la mwandishi. Tia kitabu kingine katikati. Kisha, ukipata nafasi ya kuagiza kimoja tu kwa mtu anayetoka Dar au Mombasa, agiza kile cha wale wawili wa pembeni waliokuvutia zaidi, kiwe cha pili au cha nne. Mwisho wake umeshaujua. Sasa unasoma kuona walivyofika, na yule mwenye kovu shavuni utajua nani alimpa.